Hatia ya Kifo cha Rosa

Msafiri atwekaye Mwanza kwa meli kuelekea Nansio, akiyaacha nyuma yake yale majabali yaliyobebana ufukoni, aghalabu hana habari kwamba Ukerewe anakokwenda, kisiwa cha mihogo, machungwa na wavuvi, ndiko alikotoka binti ambaye kifo chake kimewatia fadhaa wasomaji wa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Binti huyo ni Rosa, na aliyemwandika ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, kisiwani humo humo, mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomeshwa humo humo.

Jina lenyewe ni mojawapo ya majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania, maana yake waridi la fumbo; na mzazi ampaye mwanawe jina kama hilo amekwisha kumtwika, tangu utotoni, amana ya usafi ambayo hata watakatifu waliibeba kwa machozi.

Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi ampigaye mkewe Regina. Walakini siku anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, mlevi huyo hugeuka ghafula kuwa mlinzi wa heshima ya nyumba, akampiga mtoto kipigo kikali. Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe kufunua ukurasa. Mapenzi yaliyokatazwa katika kitabu hiki si zinaa ya mke wa mtu, kama ya Anna Karenina wa Tolstoy, ambaye aliijua ndoa aliyokuwa akiivunja. Ni barua tu, na mtoto ambaye hajajua hata maana ya kupendwa anafundishwa kwa fimbo kwamba mwanamume ni hatari. Basi anapokwenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, hana ngao ila hofu. Na hofu ilipomwishia kwa hila za Deogratias, aliyekuwa mtu mzima mwenye cheo, hakubakiwa na kitu cha kumzuia. Yaliyofuata, wanaume wengi na mimba zilizotolewa, wasomaji wengi huyahesabu kana kwamba ni daftari la madeni yake peke yake.

Charles anarudi, anamposa, na tumaini linachanua upya. Lakini anapobaini kwamba mchumba wake si bikira, anamwacha. Na Rosa, aliyekwisha kutubu moyoni, anaona mlango wa mwisho umefungwa, akajiua. Wako wasemao kuwa huo ulikuwa udhaifu wa imani. Mimi siafikiani nao, ingawa siusifu uamuzi ule hata kidogo, maana roho iliyoweza kutubu ingaliweza pia kuponywa, laiti angalipatikana mtu mmoja wa kumsikiliza.

Ajabu ni kwamba kisiwa hicho hicho cha Ukerewe kilikwisha kutoa jibu jingine kwa aibu ya mwanamke. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Myombekere na Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka alitwezwa na ndugu wa mumewe kwa kukosa mtoto, hata wazazi wake wakamchukua. Naye Myombekere akamfuata ukweni kwa unyenyekevu, akalipa pombe aliyotozwa, akamrudisha nyumbani. Aibu ya mke aliifanya kuwa mzigo wa wawili. Charles aliiacha yote juu ya kichwa cha Rosa.

Kezilahabi, aliyefariki dunia Januari 2020, hakukifunga kitabu kaburini: baba na binti wanashtakiana mbele ya Mungu. Nimeisoma kesi ile mara nyingi, na kila mara hukumu yangu ni moja. Mshtakiwa wa kwanza ni Zakaria, na wa pili ni Charles.