Fahamu: Kuandaa kompyuta yako ili uchangie mandhari ya WordPress
Twenty Twenty-Five, mandhari iliyokuja na WordPress 6.7 Novemba 2024, ilitengenezwa hadharani kwenye GitHub, mlango ukiwa wazi kwa yeyote mwenye nia. Kazi ya namna hii huanzia kwenye kompyuta yako. Sakinisha Git, Node.js na Docker, kisha chukua nakala ya msimbo. Programu ya wp-env hukuwashia tovuti kamili ya majaribio kwenye localhost:8888. Jina la kuingilia ni admin, nywila ni password. Hapo vuruga utakavyo, hakuna msomaji atakayeathirika. Docker ndiyo nzito: hula bando kwelikweli, basi ipakue penye mtandao wa uhakika. Na kabla hujagusa faili hata moja, fungua tawi jipya la Git, marekebisho yako yasichanganyike na majaribio mengine.