Gari la Lami, Barabara ya Mlima

Salun yangu iliundwa Japani mwaka 2006. Injini yake ni V6 ya lita 2.5, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na ilipoingia nchini ikapewa namba C. Wapenzi wa kundi hili la magari hawahitaji maelezo marefu: Mark X, Altezza, Crown Athlete, Legacy B4. Ni magari ya familia yenye milango minne, lakini walioyabuni walifikiria pia raha ya dereva. Ukikata kona unaisikia lami mikononi. Nimeipenda salun hii kwa miaka mingi, na sasa natafuta gari la kushika nafasi yake. Kabla ya kusikiliza madalali, nimeona niisikilize kwanza fizikia, na swali lake la kwanza ni hili: kazi iliyobaki ni ipi?

Zamani kazi ilikuwa moja, kwenda Dar es Salaam na kurudi. Kingolwira iko kando ya barabara kuu, kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea pwani. Njia inapita Mikese penye mizani, Bwawani, Chalinze, Mlandizi, Kibaha. Karibu kilomita 180. Kwa wastani wa kilomita 11 kwa lita, salun ilikunywa zaidi ya lita 32 kwenda na kurudi. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida na muda usiofika saa mbili. Tangu hapo nikiwa na safari ya Dar naliacha gari Morogoro na kupanda treni. Sikuamua siku moja kuacha kuendesha hadi Dar. Nilistuka tu kwamba miezi imepita bila kuiona Chalinze nikiwa nyuma ya usukani.

Hapo ndipo kila kitu kinapobadilika, kwa sababu gari hili lilitengenezwa kwa safari ile.

Gari linapokwenda kwa mwendo usiobadilika juu ya lami tambarare, linashindana na vitu viwili: hewa inayolazimika kupasuliwa, na mpira wa tairi unaobonyea na kurudi kila gurudumu linapozunguka. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongezeka mara mbili lakini hewa inakusukuma nyuma mara nne. Ndiyo maana salun ya aina hii ni fupi kwa kimo, ina pua iliyoinama na mgongo ulioteremka taratibu. Umbo hilo lina kazi. Kwa gari la kilo 1,500 lenye umbo safi namna hiyo, kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare kunadai nguvu farasi zisizozidi 20 hivi. Mark X ya kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ilitangazwa na nguvu farasi 215 katika injini ya lita 2.5.

Zilizobaki zinafanya nini? Zinangoja lori. Yeyote aliyekaa nyuma ya semi-trela baada ya mizani ya Mikese anajua thamani ya sekunde. Kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, injini yenye nguvu inakuvusha kwa sekunde nne au tano, wakati ya lita 1.5 inahitaji mara mbili ya hizo au zaidi, na sekunde zote hizo uko upande wa wenzako wanaokuja. Sikubaliani na wanaosema nguvu ya gari la namna hii ni ufahari mtupu. Katika barabara ya njia mbili iliyojaa malori yaendayo Zambia na Kongo, nguvu ni usalama, mradi vijijini ushuke hadi 50, maana usiposhuka utapigwa tochi na kulipa 30,000, na kibaya kuliko faini ni mtoto anayevuka na ndoo kichwani.

Lakini malori hayo sasa ninayaona nikiwa dirishani mwa treni. Zimebaki safari mbili. Ya kwanza ni ya kila siku: shuleni, sokoni, Nane Nane, Msamvu, kurudi. Ya pili ni ya mara moja au mbili kwa mwezi, kwa wakwe zangu Mgeta, kupitia Mzumbe na Sangasanga, kisha juu.

Ile safari fupi ya kila siku ndiyo inayoizeesha salun kuliko Dar ilivyowahi kufanya. Fundi wangu alipofungua manifoldi ya hewa alinionyesha vali zilizovaa masizi meusi kama tako la sufuria ya kuni. Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa inahusu magari mengi yanayoletwa nchini. Katika injini za kawaida, nozeli hurushia petroli kwenye mlango wa hewa, nyuma ya vali. Petroli hiyo, pamoja na kemikali za kusafishia zinazochanganywa ndani yake, huiosha vali kila inapopita. Katika injini za sindano ya moja kwa moja, kama yangu, nozeli iko ndani ya silinda na inapuliza kwa shinikizo kubwa. Matone yanayeyuka papo hapo, yanaipoza hewa, na kwa sababu hiyo mhandisi anaweza kuibana hewa zaidi, hata mara 12, bila mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati. Unapata nguvu zaidi kwa tone lilelile. Gharama yake ni kwamba mgongo wa vali hauoshwi tena. Ukungu wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini unatua pale, unaungua, unaganda. Wahandisi wenyewe waliliona jambo hili, na ndiyo maana injini kadhaa za baadaye zina seti mbili za nozeli, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye mlango wa hewa.

Safari ndefu ya barabara kuu huisaidia injini kama hiyo. Oili inapata moto wa kutosha, maji na petroli vilivyopenya ndani yake vinavukizwa. Safari za kilomita tatu, zima, kilomita tano, zima, hazifiki huko. Maji ya rejeta hupata moto mapema na mshale wa kwenye dashibodi ukakutuliza, kumbe oili bado iko nyuma sana. Kwa hiyo gari linaloenda kilomita chache linaweza kuchakaa ndani kuliko lililotembea sana.

Na hilo linanileta kwenye neno ninaloliona katika kila tangazo la gari: kilomita chache. Mpira hausomi kilomita. Bushi za mikono ya chini, viatu vya injini, mipira ya breki, sili za giaboksi, vyote hivi vinashambuliwa na oksijeni na ozoni hata gari likiwa limesimama chini ya mwembe. Joto huharakisha kazi hiyo. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba nyuzi joto 10 zaidi huweza kuongeza kasi ya mmenyuko takriban mara mbili. Gari lililoishi miaka kumi katika baridi ya kaskazini mwa Japani, likaletwa Morogoro kupokea Desemba yetu, linaanza kuzeeka upya kwa mwendo mwingine. Tairi angalau linatoa siri zake lenyewe: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Ukisoma 2314 ujue limetoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2014, hata kama kashata zake zimesimama kama mpya.

Sasa mlima. Kutoka Sangasanga hadi vijiji vya juu vya Mgeta unapanda takriban mita 1,000. Salun yangu ikiwa na abiria na mizigo ina kilo 1,700. Kuinua uzito huo mita 1,000 ni kazi ya karibu megajuli 17, na kwa kuwa injini ya petroli hugeuza robo hivi tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, lita mbili zinakwisha kwa kupanda peke yake, kabla hujalipia mawe na matope. Nguvu inayotakiwa lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 40 kwa saa unahitaji kama nguvu farasi 30. Hata ukiondoa sehemu inayopotea kwa hewa kuwa nyepesi huko juu, injini ya lita 1.5 inabaki na akiba. Kinachoamua mlimani ni uzito, gia na kimo cha tumbo la gari. Salun yangu imeacha rangi yake kwenye jiwe zaidi ya moja kule juu.

Kurudi ndiko kunakonitia hofu zaidi. Zile megajuli 17 ulizonunua wakati wa kupanda lazima ziende mahali. Zingeweza kuchemsha zaidi ya ndoo mbili za maji za lita 20. Sehemu inaliwa na tairi na barabara mbovu. Iliyobaki, ukishuka kwa kukanyaga breki tu, inaingia kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kushika. Gia ndogo, injini ikivuta nyuma, ndiyo inayolinda maisha ya watu kwenye mteremko huu. Nawaomba wanaoshuka na magunia ya kabichi na karoti walizingatie hili kila safari.

Kutokana na hesabu hizo nilidhani jibu ni haibridi. Gari linalogeuza mteremko kuwa umeme! Nikapiga hesabu tena. Prius ya kizazi cha tatu ina betri ya nikeli yenye takriban kilowati-saa 1.3, na kompyuta yake huruhusu sehemu tu ya hiyo itumike ili betri idumu. Mteremko wa mita 1,000, hata baada ya kupoteza nyingi njiani, unataka kurudisha zaidi ya hapo. Betri inajaa ungali juu, kisha unabaki na injini na breki kama wengine. Haibridi inang'aa kwenye foleni ya Ubungo, ambako gari linasimama na kuondoka mara mia, na injini inazimwa kila linaposimama. Kati ya Kingolwira na Msamvu hakuna foleni ya namna hiyo. Ningeishi Dar ningelichukua bila kusita. Kwa tumbo lake lililo chini na njia ninayopita, haliwezi kuwa langu.

Chaguo jingine lilikuwa la moyo: salun nyingine ya kundi hilohilo, changa kidogo. Mark X iliacha kutengenezwa Desemba 2019, ikifunga ukoo ulioanza na Mark II mwaka 1968, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina umri wake. Kodi nayo ina sauti. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18; ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, na 10 ikizidi hapo. Gari likiwa na miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, likizidi kumi 30. Kwa V6 ya lita 2.5 iliyozeeka unalipia ukubwa na umri kwa pamoja.

Nilichokichagua ni Toyota Rush. Injini yake ina cc 1,495 na nguvu farasi 109, nozeli zake ziko kwenye mlango wa hewa ambako petroli huiosha vali, na tumbo lake liko milimita 200 kutoka ardhini. Imesimama kama kabati, na kwa kilomita 100 kwa saa hewa itaidai mafuta mengi kuliko ilivyoidai salun. Hilo lingenizuia kabisa miaka mitano iliyopita. Leo njia kuu nimeiachia treni. Na kuna jambo lililonifurahisha nilipoinama chini yake: injini imelala kwa urefu na shafti inakwenda nyuma, kama kwenye gari ninaloliacha.

Niliinunua kwa mtu, tayari ina namba za hapa. Niliomba isiwashwe kabla sijafika, nikaishika injini kuhakikisha ni ya baridi, kisha nikaisikiliza ikiwaka. Fundi alipima mgandamizo wa kila silinda, akasukuma bushi kwa chuma kutafuta nyufa, akasoma tarakimu za tairi. Matatu yalikuwa ya mwaka mmoja, la nne lilikuwa kongwe. Tuliyabadilisha yote, na mafuta ya breki pia, kabla ya kwenda Mgeta.

Salun imechukuliwa na kijana wa Mikumi ambaye kazi yake inampeleka Iringa kila juma, huko ambako SGR haijafika. Vali zilikwisha safishwa na bushi za mbele ni mpya. Nilimwambia yote niliyoyajua, pamoja na sili ya giaboksi inayoanza kutoa jasho. Alikaa, akarekebisha kiti, akaiacha injini ipate moto bila kuikanyaga. Pale Msamvu akashika njia ya kuelekea Mzumbe, na nilisimama nikaisikiliza ikibadili gia ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka sauti ya mabasi ikaifunika.