Mshahara Ulipokoma Likasi

Likasi ni mji wa shaba katika nchi ya Kongo, upande wa Katanga. Kutoka Lubumbashi ni mwendo wa kilometa 120 hivi. Zamani uliitwa Jadotville. Tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Pale Shituru, katika mji huo, kuna kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1929. Mawe ya migodi yaliletwa pale, yakasagwa, yakatiwa katika maji makali yaitwayo asidi. Kisha kwa nguvu ya umeme shaba safi ilijishika kwenye mabamba.

Kampani ya shaba iliitwa Union Minière. Mwaka 1967 serikali iliichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mfanyakazi wake hakupata mshahara tu. Alipewa nyumba, na kila mwezi posho ya unga kwa mke na watoto. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampani, akasoma katika shule ya kampani, akala bukari ya unga wa kampani. Watu waliihesabu kampani kama baba yao.

Baba huyo akaugua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Mashine zilichakaa, wala hazikununuliwa nyingine. Fedha ya nchi ilipoteza thamani, na katika Katanga kukawa na ugomvi mkali wa siasa. Ilipofika mwaka 1994, shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 50,000. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, kisha miwili, kisha miezi mingi. Posho nayo ikakoma.

Ndipo hofu ilipoingia nyumbani.

Je, hofu hufanya nini katika mwili? Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo wake hupiga mbio, pumzi hufupika, miguu hupata nguvu. Hiyo ni kazi njema ya mwili: unajitayarisha kukimbia. Nyoka akiisha kwenda, moyo hutulia. Lakini mshahara usiokuja si nyoka. Hauonekani, wala haupiti. Mtu atakimbilia wapi? Basi moyo huzidi kupiga siku kwa siku, usingizi hukatika, tumbo huuma, na mtu hukasirika kwa neno dogo.

Watoto nao waliona. Walisikia baba na mama wakinong'ona usiku, na asubuhi hakuna aliyesema neno. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia habari mwenyewe, na mara nyingi hutunga mbaya kuliko ile ya kweli. Mzazi mwenye busara alimwita akamwambia, «Mwanangu, mwezi huu hakuna mshahara. Tutakula mara moja kwa siku. Kesho utanisaidia shambani.» Mtoto alisikitika, ndiyo, lakini sasa alijua jambo lenyewe, tena alijua kazi yake ya kesho.

Maana shamba ndilo lililoziokoa nyumba nyingi. Mama ndio waliotangulia. Walitafuta vipande vya ardhi kando ya mji, wakashika majembe. Walioelewa kilimo hawakupanda kitu kimoja tu. Mvua za Katanga huanza karibu na mwezi wa Novemba. Mama aliyepanda mahindi peke yake alingoja mpaka Machi au Aprili, na mwezi wa Februari chungu kilikuwa kitupu. Mwingine alipanda lengalenga kando ya mahindi. Mboga hiyo huchumwa baada ya mwezi mmoja hivi. Tena alipanda mihogo. Muhogo hukaa mwaka mzima na zaidi kabla ya kuchimbwa, lakini majani yake, yaani sombe, huchumwa mapema. Basi alikuwa na chakula cha mwezi huu, chakula cha mwaka huu, na chakula cha mwaka ujao, vyote katika shamba moja.

Jembe halikuondoa hofu yote. Liliipa mikono kazi, na jioni mwili uliochoka ulipata usingizi.

Kusema kweli, baba wengi walichelewa. Mtu aliyesimamia mashine kwa miaka 20 aliona haya kuonekana na jembe begani, au kuketi mbele ya mlango akiuza makala kwa mafungu. Wengine waliendelea kwenda kiwandani kila asubuhi, ingawa kazi ilikuwa kidogo, kwa kungoja siku ya malipo. Haya ilikuwa mzigo wa pili juu ya njaa.

Mama walikuwa pia na likelemba. Watu kumi, tuseme, hukubaliana kutoa fedha kidogo kila juma. Juma la kwanza wa kwanza huchukua yote, juma la pili wa pili, mpaka wa kumi. Kwa fedha hiyo mmoja alinunua gunia la unga auze kwa vipimo, mwingine alilipa karo ya mtoto. Likelemba haizai fedha mpya. Lakini mtu asipofika siku yake, wenzake humfuata nyumbani kumwuliza kama ni mgonjwa.

Haikutosha kwa kila nyumba. Watoto wengine waliacha shule, na wagonjwa wengine walikosa dawa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mwisho, ambayo wengi waliyaona madogo kuliko haki yao. Wengine waliitumia fedha ile ikaisha upesi. Wengine walifungua duka dogo, au walinunua mbegu na mbolea.

Mashamba yale hayakuachwa hata migodi ilipopata wenyeji wapya. Mvua za kwanza zikianguka, watu wa Likasi hutoka alfajiri na majembe, na watoto nyuma yao na mbegu katika bakuli.