Masisi na Walikale: Abonema inalipwa mbele, lakini mteja atalalamikia wapi?

Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, mjini Abidjan, wachezaji wa Leopards walisimama kwa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo na mwingine umeelekeza vidole viwili kichwani, mfano wa bunduki. Ilikuwa nusu-fainali ya Kombe la Afrika, Kongo na Côte d'Ivoire. Juma hilo hilo mapigano yalikuwa yamefika karibu na Sake, mji wa kuingilia Masisi, na maelfu ya wakaaji walikuwa barabarani kuelekea Goma, magodoro na sufuria kichwani.

Leopards walipoteza, 1-0, kwa goli la Sébastien Haller. Lakini hasira ya Wakongomani wengi haikuishia uwanjani. Iligeukia Canal+, kampuni ya Ufaransa ambayo watu wengi wa inchi yetu wanailipa kila mwezi ili waone mpira na filamu. Ilishutumiwa kwamba haikuonyesha picha za mashabiki waliobeba maandishi juu ya mauaji ya mashariki mwa Kongo. Mjini Kinshasa vijana walishambulia maduka yenye jina la kampuni hiyo. Kampuni ilijibu kwamba si yenyewe inayochagua picha za mchezo: inapokea na kurusha zile zinazotengenezwa kwa ajili ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika.

Jibu hilo lilituliza baadhi ya watu, wengine hapana. Lilionyesha pia jambo ambalo mteja wa Masisi au wa Walikale analijua siku nyingi: yeye anatoa pesa, lakini maamuzi yote yanafanyika mbali naye. Mchezo gani utaonekana, kwenye formula gani, kwa bei gani, hayo yote anayapata yakiwa tayari.

Siku 30 hazisimami

Abonema ya dekoda inalipwa mbele. Mteja anatuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, chaneli zinafunguka, na siku zinaanza kuhesabiwa. Umeme ukikosekana, siku zinaendelea. Mvua ikiharibu antena, zinaendelea. Vita vikiingia kijijini, zinaendelea vilevile.

Kwa mkaaji wa mji wenye umeme na usalama, hesabu hiyo haiumizi sana. Kwetu ni hasara kubwa. AFC/M23 iliingia Masisi-centre tarehe 4 mwezi wa kwanza 2025, Sake na Goma kabla mwezi huo haujaisha, kisha Walikale-centre tarehe 19 mwezi wa tatu. Aliyelipa mwanzo wa mwezi na kukimbia siku ya nne alipoteza karibu mwezi mzima. Dekoda ilibaki ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli, na abonema ilikwisha bila mtu kutazama.

Anayeumia zaidi ni mwenye sinema ya kijiji. Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale televisheni si kitu cha kila nyumba. Mtu mmoja ananunua dekoda, pano za jua na betri, au jenereta, anapanga mabenchi ndani ya chumba cha mbao, na vijana wanalipa pesa kidogo kuingia. Pesa hiyo ndiyo inalipa abonema ya mwezi unaofuata, esansi na chakula cha watoto. Ikiwa mchezo mkubwa umehamishwa kwenye formula ya bei ya juu, yeye ndiye wa kwanza kubeba mzigo. Akipandisha bei ya kuingia, vijana wanabaki inje. Asipopandisha, anafanya kazi bure.

Walikale inaongeza shida yake ya umbali. Ni eneo la kilometa mraba 23,475, karibu asilimia 40 ya jimbo zima la Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni pori. Barabara ya kutoka Goma ni mbovu, na vitu vingi vinafika kwa ndege ndogo zinazotua Kilambo, juu ya barabara yenyewe. Dekoda ikiharibika kule, hakuna fundi wa kampuni mlango wa pili. Kuituma na kuirudisha kunaweza kugharimu zaidi ya abonema yenyewe.

Kampuni mbili chini ya paa moja

Mwezi wa tisa 2025 Canal+ ilichukua uongozi wa MultiChoice, kampuni ya Afrika Kusini inayomiliki DStv na chaneli za michezo za SuperSport. Kwa pamoja zina wateja zaidi ya milioni 40 katika inchi karibu 70. Zamani, mtu aliyechoka na dekoda moja aliweza kutishia kuhamia nyingine. Leo, nyuma ya dekoda hizo mbili kuna mwenye mali mmoja.

Wateja wa DStv hawakuwa wakilalamika kwa mdomo tu. Kwa miaka miwili mpaka mwezi wa tatu 2025, MultiChoice ilipoteza wateja milioni 2.8. Maisha magumu, bei zilizopanda, na watu kuhamia kwenye filamu na michezo ya intaneti, yote yalichangia. Mwezi wa kwanza 2024 wateja wake walikasirika pia waliposikia kwamba Kombe la Afrika halitaonyeshwa kwao, kwa sababu haki za kurusha zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo. Siku chache kabla ya mchezo wa kwanza makubaliano yalipatikana. Waliokuwa wamelipa mbele kwa ajili ya mashindano hayo walikaa na wasiwasi mpaka dakika za mwisho.

Ghana ilibishana, na kitu kikabadilika

Kuna mahali ambapo malalamiko yalizaa matunda. Mwaka 2025 waziri wa mawasiliano wa Ghana, Sam George, aliitaka DStv ishushe bei kwa asilimia 30, la sivyo leseni yake isimamishwe. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: alisema formula ya juu inalipwa dola 83 Ghana na dola 29 tu Nigeria, na ni kampuni ile ile. Kampuni ilikataa kwanza, kisha mazungumzo yakafanyika. Bei haikushuka kama waziri alivyotaka, lakini kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi 2025 wateja walianza kupata chaneli zaidi kwa pesa ile ile.

Nasi tunao mfano wetu, ingawa ni wa simu. Mwezi wa tisa 2020 serikali ya Kinshasa ilianzisha RAM, malipo ya kuandikisha simu, yaliyofika dola 7 kwa mwaka kwa simu za kisasa. Yalikatwa moja kwa moja kwenye inite ambazo mtu amenunua. Mkulima wa Nyabiondo na mfanyabiashara wa Gombe walikatwa bila kuulizwa. Watu walikataa, mashirika ya raia yakapaza sauti, na wabunge wakambana waziri Augustin Kibassa Maliba. Mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM iliondolewa.

Mifano hiyo miwili inafanana kwa jambo moja. Hasira ya wateja ilipata mlango: waziri upande mmoja, bunge upande mwingine. Mawe yaliyotupwa Kinshasa mwaka 2024 yaliumiza zaidi wafanyakazi wa maduka, Wakongomani wenzetu, na kampuni ilijibu kwa tangazo.

Mlango wetu ni upi?

Hapo ndipo ugumu wa Masisi na Walikale. Taasisi zinazosimamia mawasiliano na vyombo vya habari, ARPTC na CSAC, makao yao makuu yako Kinshasa. Sehemu kubwa ya Masisi iko mikononi mwa AFC/M23, na kazi za serikali hazifiki huko. Mji wa Walikale ulirudi upande wa serikali mwezi wa nne 2025, lakini umetengana na Goma, mji mkuu wa jimbo. Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na pesa nyingi zikapita kwenye simu. Kumbe kampuni inaweza kupokea malipo kutoka kijiji ambacho hakuna ofisi yoyote ya kupokea malalamiko.

Mtu anaweza kusema kwamba kwenye eneo la vita televisheni ni jambo dogo. Ni kweli kwamba chakula, usalama na dawa vinatangulia. Lakini pesa inayolipwa kwa dekoda ni jasho la watu wale wale waliokimbia. Na jioni ya mchezo ni moja ya saa chache ambapo kijana wa kijijini anakaa pamoja na wenzake bila kuulizwa anatoka upande gani. Mwenye sinema akifunga mlango, saa hiyo inapotea.

Mteja hana nguvu nyingi, lakini hakosi kabisa. Ujumbe wa simu unaothibitisha malipo ni risiti: una tarehe, kiasi na namba ya muamala, usiufute. Namba ya dekoda iandikwe kwenye karatasi inayobaki na mwenyewe, si kwenye dekoda tu, ili akikimbia aweze kueleza ni dekoda gani ililipiwa. Kabla ya mashindano, ni vizuri kuuliza waziwazi mchezo fulani uko kwenye formula gani, na kungoja jibu kabla ya kutuma pesa.

Zaidi ya hayo, wenye sinema wa sehemu moja wanaweza kusema kwa sauti moja. Barua ya mtu mmoja kutoka Ndjingala ni rahisi kuwekwa pembeni. Barua ya wenye sinema ishirini, yenye namba za dekoda na tarehe za malipo, iliyopitia shirika la raia na mbunge wa eneo, inadai jibu. Na ombi lenyewe halihitaji maneno mengi: pale ambapo vita vimefunga mji, siku zilizolipwa zisimamishwe, mteja azitumie atakaporudi nyumbani.

Kampuni inayojua kuzima dekoda siku ile ile abonema inapokwisha inaweza pia kujua namna ya kuongeza siku. Wateja wa Ghana waliambiwa mwanzoni kwamba haiwezekani. Wale wa Masisi na Walikale bado hawajauliza kwa pamoja.