Fedha za Vyama vya Siasa: Nani Atoe Hesabu, na kwa Nani?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha (kanuni 537). Inataka pia wasimamizi wa mali za Kanisa wawape waamini hesabu ya matoleo yao (kanuni 1287). Aliyetoa ana haki ya kujua. Je, haki hiyo inaishia mlangoni mwa kanisa?

Vyama vya siasa nchini hupata fedha kutoka kwa wanachama, kwa wafadhili na kwenye ruzuku ya Serikali. Ruzuku ni kodi yetu. Mama anayenunua sabuni dukani Ikinga na mfanyabiashara anayelipia mzigo wake mpakani Tunduma wote wanachangia vyama, hata kama hawana kadi ya chama chochote.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inavitaka vyama vitunze hesabu, zikaguliwe na kufikishwa kwa Msajili. Lakini Oktoba 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilieleza kwamba vyama vilikuwa vimepokea ruzuku ya takriban shilingi bilioni 67.7 katika miaka minne bila hesabu zake kukaguliwa inavyotakiwa. Vyama tawala na vya upinzani vyote viliguswa.

Upande wa uchaguzi, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu takrima, kwa kuwa vilihalalisha rushwa na kumbagua mgombea maskini. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka ukomo wa matumizi na kudai michango mikubwa itajwe.

Kwa nini mfadhili atajwe? Mchango si dhambi. Tatizo ni deni la siri. Tuchukulie mgombea katika mji wa mpakani amegharimiwa na mtu asiyejulikana. Akishinda, wananchi watajuaje kama uamuzi wake kuhusu viwanja, ushuru au zabuni ni kwa faida yao au ni malipo ya deni? Na khanga au pilau ya kampeni, hata ikitolewa kwa tabasamu, humgeuza mpiga kura kuwa mdeni wa aliyempa.

Kanisa halina chama, lakini Mafundisho Jamii yake yanahimiza manufaa ya wote, na hayo hayalindwi gizani. Basi, wagombea wanapokuja, waulizwe kwa heshima: Fedha za kampeni zimetoka wapi? Zimetumikaje? Hesabu za chama zimekaguliwa lini mara ya mwisho? Nawe mwanachama, uliza hivyo hivyo kwenye kikao cha tawi lako.

Mseminari anayejiandaa kusimamia fedha za parokia azoee mapema kuulizwa. Katika Injili ya Luka sura ya 16, tajiri anamwita wakili wake atoe hesabu kwa sababu mali haikuwa ya wakili. Ruzuku nayo si mali ya viongozi wa chama. Mwenye mali ni mwananchi, naye asione haya kudai hesabu.