Usimalize Nguvu Njiani

Ndugu msomaji wa Ntalikwa, baiskeli unaijua. Huenda ndiyo inayobeba nyanya zako mpaka Tabora mjini. Ukichelewa soko la asubuhi, mnunuzi ndiye atakayepanga bei. Basi tufanye hesabu pamoja.

Tuseme safari ni kilomita 30. Ukienda kilomita 15 kwa saa bila kubadili mwendo, utatumia saa 2. Kijana mwenye haraka anaanza na kilomita 20 kwa saa. Kilomita 15 za kwanza anazimaliza kwa dakika 45. Halafu miguu inalegea. Kilomita 15 zilizobaki anakwenda kilomita 10 kwa saa, yaani saa 1 na nusu. Jumlisha: saa 2 na dakika 15. Aliyekupita alfajiri atakukuta sokoni umeshatua mzigo.

Tena kuna hewa. Hata upepo ukitulia, unapokimbia unaisukuma hewa kwa kifua. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Na nguvu unazotoa kila dakika kuishinda ni mara nane! Ndiyo maana wakimbiaji wa baiskeli huinama, tena hufuatana. Anayetangulia huwakatia wenzake upepo.

Lakini mwendo wa aina moja ni wa njia tambarare. Penye mlima ongeza nguvu kidogo, kwa sababu muda mwingi hupotea hapo. Penye mteremko pumzika. Ukikanyaga sana mteremkoni, nguvu zako zinaliwa na hewa bure.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Katika mbio za mtu mmoja mmoja za kilomita 40.6, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimpita Tadej Pogačar wa Slovenia, ingawa Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika 2 na nusu. Wiki moja baadaye Pogačar alishinda mbio za kilomita 267.5. Nguvu za kilomita 40 hazigawanywi kama za kilomita 267.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda pwani walilijua jambo hili. Walitembea tangu alfajiri, jua likiwa kali wakatua.

Wakimbiaji wa leo wana kifaa cha kupima nguvu za miguu. Wewe pima kwa pumzi. Ukishindwa kuzungumza na mwenzako, punguza mwendo.