Injini Isiyo na Kiu

Katika mwezi wa Novemba, mwaka wa 1939, injini ya namna mpya ilitoka katika kiwanda cha La Grange, karibu na mji wa Chicago, Marekani. Nambari yake ilikuwa 103. Ilikuwa na vipande vinne vilivyofungwa pamoja, urefu wake futi 193, na nguvu za farasi 5,400. Walakini aliyeiongoza alikuwa dereva mmoja tu. Kwa muda wa miezi kumi na mmoja ilivuta mizigo katika reli za makampuni 20, ikapita majimbo 35, ikaenda maili 83,764.

Wakubwa wa reli waliokuja kuitazama walikuwa na shaka. Injini za dizeli zilikuwapo Marekani tangu mwaka wa 1925, lakini zilikuwa ndogo, za kupanga mabehewa katika stesheni, hasa mjini New York ambako sheria ilikataza moshi. Mwaka wa 1934 treni nyepesi iitwayo Zephyr ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago, maili 1,015, kwa muda wa saa 13 na dakika 5, na miongoni mwa abiria wake alikuwamo punda mmoja! Watu walifurahi sana. Lakini treni ya abiria wachache si sawa na mzigo wa ngano au makaa unaopandishwa mlimani.

Katika kila kipande cha 103 mlikuwa na injini ya mitungi 16. Hewa hushindiliwa ndani ya mtungi hata ikapata moto sana, na mafuta yanaponyunyizwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Nguvu ile haizungushi magurudumu. Huzungusha mtambo wa kufanya umeme, nao umeme huendesha mota zilizo kwenye ekseli. Kwa hiyo injini huvuta kwa nguvu zaidi inapoanza kuondoka, wakati ambapo mzigo ni mgumu kung'oka.

Kampuni ya Santa Fe ilielewa upesi. Reli yake ilipita katika majangwa ya Arizona na California, ambako maji ni haba, na mengi yake ni ya chumvi, yenye kuharibu boila. Ilikuwa lazima kupeleka matangi ya maji kwa treni, yaani injini moja kuichotea maji nyingine. Mwaka wa 1941 Santa Fe ilianza kuvuta mizigo yake kwa dizeli, na kazi ile ikapungua. Hadi mwaka wa 1945 vipande 1,096 vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kujengwa.

Makampuni yalipata faida. Hasara iliwaangukia mafundi wa boila, watunza matangi ya njiani na watia makaa. Kiwanda cha Baldwin, kilichokuwa kimejenga injini zaidi ya 70,000, kiliacha kazi hiyo mwaka wa 1956. Watia makaa walijitetea kwa muda mrefu. Kwa mapatano ya mwaka wa 1937 walikuwa wamekubaliwa kupanda pamoja na dereva hata katika dizeli, ingawa hamkuwa na makaa ya kutia. Mwezi wa Novemba, 1963, baraza la usuluhishi liliamua kwamba asilimia 90 ya nafasi zao katika treni za mizigo na injini za stesheni zaweza kuondolewa.